Namba Zilizokwenda Mbagala

Hasira zangu ziko karibu. Mama anasema nimezirithi kwa baba, baba alipokuwa hai akisema nimezirithi kwa mama, na mie mwenyewe naona nimezichukua kote kote. Kwa hiyo ile Ijumaa kompyuta iliponiambia kwamba neno langu la siri si sahihi, jambo la kwanza nililofanya ni kubishana nayo.

"Si sahihi kwa nani?" nikaiuliza.

Kaka mmoja niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja ofisini akainua macho. Alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, mpole, kazi yake kuchora nembo na mabango, na mambo ya programu alikuwa hayajui kama mie nisivyojua kuchora. Lakini mtu akiona mwenzake anagombana na mashine lazima atoe ushauri.

"Andika pole pole," akasema.

Nikaandika pole pole, kwa kidole kimoja kama karani wa zamani. Ukiandika neno la siri mahali pale hakionekani kitu, hata nukta. Unagonga, skrini imenyamaza, unabaki kuamini tu kwamba herufi zinaingia. Nikamaliza, nikabonyeza. Si sahihi.

"Labda herufi kubwa zimewaka."

Hazikuwaka. Akaniambia nizime niwashe. Nikazima nikawasha, huku roho inaniuma kwa sababu umeme ulikatika tangu asubuhi na ile laptop ilikuwa inakula betri yake taratibu. Ikawaka, nikaandika, ikanijibu maneno yaleyale. Kaka akasema basi huenda kibodi imekufa. Nikafungua ukurasa mtupu nikaandika neno langu la siri waziwazi mbele yake, herufi zote zikatoka bila kukosa hata moja. Akalisoma, akacheka, akasema hakujua kama mtu anaweza kupenda wali wa nazi kiasi hicho.

Nieleze kidogo mambo yalivyokuwa, maana bila hivyo mtaniona nimechanganyikiwa bure. Ofisi yenyewe ilikuwa Kinondoni, chumba kimoja ghorofani, chini yake duka la magodoro. Mwenye ofisi alikuwa dada wa Kipare, mchapakazi, asiyependa maneno mengi, na alikuwa ameniweka kwa majaribio. Kazi aliyonipa ilikuwa programu ya kupanga foleni ya zahanati moja. Mgonjwa anachukua namba asubuhi, anajua daktari atamwona saa ngapi, anakwenda zake nyumbani akapike, badala ya kukaa kwenye benchi tangu alfajiri na mtoto mgonjwa mapajani. Niliitengeneza mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, na niliipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokishona kwa mkono wake.

Siku hiyo bosi alikuwa Mwenge kwa wenye zahanati. Saa tisa angefungua kompyuta yake mbele yao awaonyeshe. Ili aione, ilibidi mie niliyeko Kinondoni niwe nimeipeleka kwenye ghala letu la mtandaoni, pale ambapo kila tunachoandika kinatunzwa na kila mmoja wetu anaweza kukichukua. Wenyewe tunasema kupush. Ni kazi ya dakika moja. Nilikuwa nimeshaifanya mara nyingi kwa laptop yangu, lakini laptop yangu ilikuwa imezima skrini siku moja kabla, nikahamishia kazi kwenye laptop ya ofisi, na hii ya ofisi ndiyo iliyokuwa inanikana.

Na kulikuwa na mjomba. Mjomba wangu ana duka la vitambaa Mbagala, karibu na nyumbani, na alikuwa ameshachoka kuniona natoka kila asubuhi kwenda kwenye kazi isiyo na mkataba. Alikuja nyumbani akakaa na mama na wajomba wengine, wakaamua. Kama mpaka Ijumaa hiyo sijapewa nafasi ya kudumu, Jumamosi nashika funguo za duka. Mama alikaa kwenye mkeka akachambua mchele tangu kikao kinaanza mpaka kinakwisha. Mie nilikuwa chumbani nimetega sikio, na sikumsikia akisema neno. Iliniuma kuliko maneno ya mjomba. Nikaona hata yeye anataka nikapime vitambaa.

Sikumlaumu sana, maana kazi yangu mama alikuwa haipendi, au ndivyo nilivyodhani. Laptop aliiita kidude. "Acha kidude ule." "Hicho kidude kitakupofua." Sikumbuki aliwahi kuniuliza ndani ya kidude kuna nini.

Basi nikamwomba kaka simu yake, yangu ikiwa imezima kwa kukosa chaji, nikampigia bosi. Akapokea kwa sauti ya chini, nikajua yuko mbele za watu.

"Dada, inakataa neno la siri."

"Umesoma ujumbe wote, au umesoma mstari wa kwanza ukaanza kugomba?"

Alikuwa amenijua mapema. Nikasoma mstari wa pili. Ulisema kwa upole kabisa kwamba neno la siri halipokelewi tena kwa njia hiyo.

"Hawataki tena neno la siri pale," akasema bosi. "Ingia kwenye tovuti yao, utengeneze ile namba ndefu, kama namba za umeme. Ukiulizwa neno la siri, bandika hiyo. Kwenye laptop yako lazima kuna mtu alikuwekea, ndiyo maana hukuwahi kujua."

Kweli, aliniwekea rafiki yangu chuoni, nami sikuwahi kumuuliza aliweka nini. Nikamwambia bosi kama mambo yatakuwa magumu naweza kumtuma bodaboda na flashi, kutoka Kinondoni mpaka Mwenge si safari.

"Flashi za bodaboda usinitajie. Ya mwisho iliniletea virusi, mpaka leo mashine inakohoa. Kama kazi haiko ghalani, mie sijaiona." Akakata.

Nikaingia kwenye tovuti kwa intaneti ya simu ya kaka. Nikaandika neno langu la siri, lile lile la wali wa nazi, na likakubaliwa mara ya kwanza. Nilifurahi nikapiga meza. Furaha yenyewe haikufika mbali. Ukurasa ukabadilika ukaniambia kwamba kompyuta hii hawaitambui, hivyo wametuma namba fupi kwenye simu yangu, niiandike hapo kabla muda wake haujaisha. Chini wakaonyesha tarakimu mbili za mwisho za hiyo simu.

Hazikuwa zangu. Nikazitazama tena, nikazitambua. Zilikuwa za mama.

Nilipokuwa chuo vibaka walinipora simu kituoni Rangi Tatu, na wakati wa kujiandikisha kwenye ile tovuti nikaweka laini ya mama kwa muda, nikisema nitabadilisha. Mambo ya kwa muda mnayajua wenyewe. Kwa hiyo ufunguo wa ajira yangu ulikuwa umeingia kwenye kitochi cha mama, simu ndogo ya vibonyezo, huko Mbagala, labda kimelala juu ya kabati karibu na kopo la sukari.

Nikampigia, nikaweka sauti ya juu ili mikono ibaki kwenye kibodi.

"Haloo."

"Shikamoo mama."

Kimya. Mama yangu ni mtu wa pwani, shikamoo haiachi ikining'inia hata ya mtoto wa mpita njia.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

"Mama, ni mie. Natumia simu ya mtu wa ofisini, yangu imezima. Kuna meseji imeingia kwako sasa hivi, ina namba. Nisomee haraka."

"Namba."

"Ndiyo."

"Nikusomee."

"Ndiyo mama, haraka, muda unaisha."

Nikamsikia anavuta pumzi, na hapo hapo nikakumbuka. Mtaani kwetu matapeli wa simu wamewaliza watu wengi. Mama mmoja jirani yetu alipigiwa na mtu mwenye sauti ya mwanawe kabisa, analia, anataka namba zilizoingia kwenye simu, na yule mama akampa. Baada ya hapo mie mwenyewe nilimkalisha mama nikamfundisha. Mtu yeyote akipiga simu akitaka namba, usimpe. Awe wa benki, awe wa serikali, awe na sauti yangu, usimpe. Namba ngeni, mtu ana haraka, anataka namba, basi huyo ni mwizi. Mama alilishika somo lile vizuri mpaka akaenda kuwafundisha wenzake wa darsa. Na sasa mie nilikuwa nimepiga kwa namba ngeni, nina haraka, nataka namba.

"Sikiliza wewe binti," mama akasema, na sauti ile sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu. "Umeiga vizuri. Hata haraka zake umeziweka. Lakini umekuja siku mbaya. Mwanangu leo yuko kazini, wanaitazama kazi yake. Mie sijui anafanya nini, lakini namuona. Chakula kinapoa mbele yake, namwambia ale, hasikii, yuko humo ndani anatafuta kitu mpaka akipate. Kaka zangu wanataka akauze vitambaa. Nimewafuata mmoja mmoja majumbani mwao nikawaambia, huyu msimguse. Kichwa kama kile kwetu hakijawahi kutokea, si kwa baba yake wala kwangu. Wakanipa mpaka leo. Sasa na wewe unataka kumharibia siku yake. Hizi namba ni zake, na zimekuja kwangu, basi nitakaa nazo mpaka arudi. Nenda katafute mama mwingine umwibie."

Kaka alikuwa ameshika penseli hewani, haendi mbele wala harudi nyuma. Mie machozi yalinitoka, na hasira nazo zikanipanda, vyote kwa mpigo, sikujua nianze na kipi. Nilikuwa nimeambiwa maneno niliyoyangoja tangu nipo darasa la kwanza, na aliyeambiwa ni mwizi, si mie.

"Mama," nikasema, "niulize jambo lolote. Jambo ambalo mwizi hawezi kulijua."

Akafikiri. Kwenye skrini muda wa ile namba ulikuwa unayoyoma.

"Haya," akasema. "Ulipowekwa ndani, somo yako alikufundisha maneno. Mie naanza, wewe umalize."

Sie Wazaramo binti akivunja ungo anawekwa ndani, anapewa somo wa kumfundisha, kisha anachezwa ngoma. Mie nilichezwa kipindi cha likizo, haraka haraka ili niwahi shule kufunguliwa, lakini maneno niliyafundishwa yote. Ni maneno ya kuimba, mmoja anaanza mwingine anamalizia, na hayasemwi mbele ya mwanamume. Hata mbele ya mwanamke asiyechezwa hayasemwi. Hapa pia siyaandiki, msitafute.

"Mama, niko ofisini."

"Na mwizi naye ana ofisi?"

Nikamgeukia kaka. "Kaka yangu, naomba utoke."

"Nitoke niende wapi?"

"Popote. Simu yako ndiyo yenye intaneti, siwezi kutoka nayo. Toka wewe, ufunge mlango."

Alikuwa mtu mwema. Angeweza kunikumbusha kwamba chumba ni chake tangu kabla sijaja na simu ni yake vilevile. Akachukua kikombe chake cha chai akatoka, akasimama kwenye ngazi. Nikazima sauti ya juu, nikauelekea ukuta nikaweka kiganja mdomoni. Mama akaanza upande wake kwa sauti ya chini, nami nikamalizia upande wangu, pamoja na kile kipande cha mwisho ambacho wengi hukisahau.

Alinisikiliza mpaka neno la mwisho.

"Marahaba," mama akasema. "Sasa kwa nini hukusema mapema kama ni wewe?"

Hasira nikazimeza, Mungu alinisaidia. Akakata ili asome meseji, maana kitochi chake hakiwezi mambo mawili kwa pamoja, kisha akapiga akanisomea tarakimu moja moja, kila moja akinitaka niirudie. Nikaandika, nikabonyeza. Muda wake umekwisha.

Nikaomba nyingine. Kaka akagonga mlango akauliza kama tumemaliza, nikamwambia aingie, akaingia akakaa. Simu yake ikaita, mama, sauti imechangamka.

"Imeingia nyingine. Haya, malizia."

"Nimalizie nini tena mama? Si tumeshamaliza?"

"Nitajuaje kama simu hiyo hujanyang'anywa hapo katikati?"

Kusema kweli alikuwa sahihi kuliko ile tovuti. Kaka alikuwa ameshasimama bila kuambiwa, kikombe mkononi, anauelekea mlango, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikaimba tena, safari hii haraka na bila kutulia kwenye vituo, mama akanikosoa kwamba nimeparaza, kisha akanisomea. Nikaandika. Tovuti ikanifungulia.

Nikatengeneza ile namba ndefu. Ilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu, na tovuti ikaonya kwamba itaonyeshwa mara hiyo moja tu. Nikainakili, nikarudi pale pa mwanzo, nikaandika amri yangu. Ikaniuliza jina, nikalitaja. Ikaniuliza neno la siri, nikabandika ile namba ndefu. Skrini haikuonyesha kitu, kama kawaida yake. Betri ilikuwa imeshaanza kuonya kwa wekundu. Nikabonyeza.

Mistari ikaanza kushuka, asilimia zikapanda, ikasimama kidogo pale karibu na mwisho, kisha ikamaliza. Kazi ilikuwa ghalani. Nikamwita kaka aingie chumbani kwake. Nikampigia bosi, akasema neno moja tu, "Naiona," akakata.

Hapo ndipo kukaa kukanishinda. Nilizunguka chumba kile, nikapanga penseli za kaka kwa urefu, nikazipangua. Kaka hakuuliza chochote kuhusu alichofukuziwa. Alinimiminia chai iliyobaki akasema kwao Mbeya mama yake akipigiwa na namba ngeni huwa hapokei kabisa, hivyo mie nimshukuru Mungu.

Bosi akapiga kabla ya saa kumi. Mzee mwenye zahanati alikuwa amechukua namba mwenyewe kwenye programu, akajipanga kwenye foleni, akaona anaambiwa aje baada ya saa moja na nusu, akacheka akauliza lini itawekwa pale kwake. "Jumatatu njoo na vyeti vyako," bosi akasema. "Tunaandika mkataba. Na hiyo namba ya simu kwenye akaunti yako ibadilishe, uweke ya kwako." Nikasema nitabadilisha.

Nilifika nyumbani Mbagala jua bado lipo. Mama alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia nimepata, Jumatatu nasaini.

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kukuna. "Mjomba wako nitampigia baada ya magharibi. Katie vitunguu."

Basi, ndiyo hivyo. Nikachukua kisu nikakaa karibu naye, nikakata kitunguu cha kwanza na cha pili. Nilitaka kunyamaza lakini tumbo langu halijui kukaa na jambo.

"Mama, yale uliyoyasema kwenye simu."

"Yapi?"

"Ya kwenda kwa wajomba. Ya kichwa changu. Ulikuwa kweli hujajua kama ni mie?"

Akasimamisha mkono. Akakung'uta kifuu, akakitazama kama kimebaki kitu, akakiweka chini, kisha akanitazama mie kwa mshangao, kama nimemuuliza swali la kitoto.

"Ningejua ni wewe," akasema, "ningeyasema?"